Presha ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Pacha wamerudi shule ya bweni leo asubuhi na wameniachia daftari hili. "Mama, ukiwa na la kusimulia andika humu," akasema mkubwa, "ukitupigia simu unatumaliza." Haya, naandika.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya mahututi, mwaka wa kumi na tisa huu. Kazini wananiita Sikio, kwa sababu napima presha kwa mkanda na stetoskopu hata jenereta ikinguruma dirishani, na sikosei. Nyumbani naitwa Mama Pacha. Tumebaki watu watatu: mimi, mume wangu ambaye ni fundi mwashi, na mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na minane, presha, na mdomo.

Nimempima jioni, 178/92. Anameza dawa za aina tatu na bado haishuki. Amesema mkanda wangu ni kabali ya polisi na yeye hajaiba kitu cha mtu.

Mvua imeanza. Bati linapiga kelele hadi tunazungumza kwa ishara.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe kalalamika kizunguzungu. Na mimi kama ningekuwa nakwepa kuchambua maharage ningekipata.

Jumamosi, 8 Machi

Jumamosi ni siku ya majirani. Tangu tuhamie mtaa huu nawapima bure kibarazani, wazee na wagonjwa, na leo wamekuja kumi na mmoja na mvua yote hii. Mama mkwe ndiye mpanga foleni. Anajua nani kalala vibaya na nani kagombana na mkewe. Nikiona namba kubwa naandika kikaratasi, mtu anakwenda nacho kliniki, na kliniki wanamwongezea dawa bila hata kumpima upya. Wanasema mkono wangu unatosha. Sijivuni, lakini ndivyo wanavyosema.

Mama mkwe mwenyewe 184/94.

Jumanne, 11 Machi

Tumeletewa daktari mpya wa usingizi, yaani yule anayewalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Mwembamba, hacheki, na mfukoni mwa koti anatembea na pima maji, kile kirula cha kiputo wanachotumia waashi. Nimembatiza Rula. Kufikia saa ya chai jina lilikuwa limeshafika jikoni.

Ana jambo lake. Wagonjwa wetu wazito zaidi tunawawekea laini, mrija mwembamba unaoingia ndani kabisa ya mshipa wa damu mkononi. Presha inapita kwenye maji ya mrija hadi kwenye kihisio, kidude cha plastiki kilichofungwa kwenye stendi ya dripu, na namba inatokea kwenye skrini kwa kila pigo la moyo. Rula anataka kila saa tuandike namba mbili kwa pamoja, ya laini na ya mkanda, kwa mwezi mzima. Anataka kujua mkanda unakosea kiasi gani.

Nikamwambia, "Daktari, kwenye wodi hii haukosei."

"Tutaona, dada," akasema, akaenda zake.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempeleka mama mkwe kliniki kuonyesha namba zangu. Wameongeza dawa ya nne. Njia nzima ya kurudi alinyamaza, na huyo si mtu wa kunyamaza.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Wagonjwa sita, vitanda sita.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimerudi nikakuta mama mkwe kafagia ua, kakusanya majani, na anamkaripia mwanawe kwa kuacha ndoo ya saruji mlangoni. Dawa ya nne hiyo. Nimefurahi kama niliyeitengeneza mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Mama mkwe kaenda kwa miguu hadi kwa jirani wa tatu na karudi bila fimbo. Lakini mkanda umesema 192/98. Sielewi. Labda kutembea.

Jumatano, 26 Machi

Rula amepita kuangalia karatasi zake. Kakunja uso. Nimemuuliza kama kuna kosa, akasema, "Hapana. Hakuna kosa hata moja." Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa sifa.

Jumanne, 1 Aprili

Nina hasira, na naandika ili nisipige kelele.

Nilikuwa namwagilia lile ua la chungu sebuleni, mama mkwe mwenyewe ndiye hulitunza, nikaona udongo umevimba. Nikachimbua kwa kijiko. Vidonge. Vya wiki mbili, vya rangi zote nne, vingine vimeyeyuka na vingine vizima. Namtafutia dawa, nasimama foleni, kumbe anailisha maua.

Nikampelekea kiganjani. "Mama, hivi ni nini?"

Akavitazama. "Mwanangu, nikivimeza dunia inazunguka. Macho yanaingia giza, miguu inakuwa kama ya kuazima. Nilipoviacha nimekuwa mtu tena."

"Presha yako ni mia na tisini, mama. Ukiendelea hivi utapooza upande mmoja, tukulishe kwa kijiko."

"Hiyo mia na tisini anaiona nani? Mimi siisikii."

"Naisikia mimi."

Akafungua mdomo mwenyewe. Nimempa vinne vyote, nikamwambia anyanyue ulimi nione. Mume wangu alikuwa mlangoni. Niliona naye hakupenda.

Ijumaa, 4 Aprili

Nampa dawa mbele ya macho yangu, asubuhi na jioni. Kizunguzungu tena, anasema. Leo amekaa tu kitini.

Jumamosi, 5 Aprili

Majirani wanane. Mama mkwe hakutoka kupanga foleni. Nimempima kitandani, 176/90. Angalau imeanza kushuka.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Rula ametuita wauguzi wote wa mahututi, na metroni akiwepo. Akaweka karatasi zetu mezani. "Nimefanya ulinganisho huu hospitali tatu," akasema. "Kila mahali mkanda na laini vinatofautiana. Kwa namba kumi, ishirini, hata zaidi. Presha ikiwa juu sana mkanda huwa unasoma chini, presha ikianguka mkanda huwa unasoma juu. Ndivyo vilivyo. Hapa kwenu vinakubaliana kama mapacha. Saa mia nne na kitu, na tofauti haizidi tano. Haiwezekani."

Nilidhani anatusifu kwa mafumbo, nikatabasamu. Aibu ya tabasamu lile sijui nitaiweka wapi.

Akatoa pima maji lake, akaenda kitanda cha kwanza. Akaweka ncha moja usawa wa moyo wa mgonjwa, ubavuni, na ncha ya pili akaielekeza kwenye stendi. Kihisio kilikuwa chini ya usawa huo kwa shibiri nzima. Kitanda cha pili, juu kwa nusu shibiri. Cha tatu, chini. Na kwenye kila stendi pana vipande vya plasta nyeupe, vimeandikwa namba za vitanda kwa kalamu ya wino.

"Plasta hizi ni za nini?"

Chumba kizima kikatazama sakafu. Nikasema ni zangu.

Nikamweleza kama nilivyowaeleza wauguzi kwa miaka yote. Mashine za laini zilipokuja hakuna aliyetufundisha. Namba ya skrini ikawa haifanani na ya mkanda. Nikagundua kwamba ukishusha kihisio namba inapanda, na ukikipandisha inashuka. Basi tukawa tunakisogeza hadi skrini ikubaliane na mkanda, tunaweka alama ya plasta, kazi imekwisha. Tunaita kulinganisha. Kila muuguzi mpya nimemfundisha mimi, kwa mikono yangu.

Rula alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Dada, kihisio kinakaa usawa wa moyo na hakisogei. Kikitoka hapo, maji ya kwenye mrija ndiyo yanayopimwa. Mmekuwa mkiiambia laini iseme mkanda unachosema. Kwa miaka mingapi?"

"Saba," akasema metroni.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemsimulia mume wangu nikitegemea anitetee. Akaweka kikombe chini. "Yaani ukuta ukiwa umepinda, nyinyi mnapindisha pima maji hadi likubali?"

"Mkanda si ukuta uliopinda. Mkanda haujawahi kuniangusha."

"Sijui mimi. Nauliza tu."

Sijamsemesha tena leo. Kusema kweli simwamini Rula. Miaka kumi na tisa sikio langu lisikie vingine? Mrija unaweza kuziba, mapovu yanaweza kuingia. Mkanda ni mkanda.

Jumatatu, 14 Aprili

Mama mkwe kizunguzungu. Mvua ya mawe.

Jumatano, 16 Aprili

Kizunguzungu. Nimemwambia ajikaze.

Ijumaa, 18 Aprili

Ameanguka.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, dakika kumi baada ya dawa. Nilikuwa nafunga viatu nikasikia kishindo cha kitu kizito, kisha kimya. Nikamkuta kati ya kitanda na mlango, mguu wa kulia umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Muuguzi yeyote anajua maana yake. Nyonga.

Hakulia. Alisema, "Nilisimama tu, mwanangu. Nilisimama tu, dunia ikazima."

Yuko kwetu, wodi ya mahututi, akisubiri kupasuliwa. Kwa umri wake na presha yake hawataki kumlaza wodi ya kawaida.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la ukumbini. Nataka yawe hapa kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi walimwekea laini. Mimi nilikuwa nimekuja kama ndugu wa mgonjwa, na gauni la nyumbani. Zamu ilikuwa ya muuguzi tunayemwita Mpole, mwanafunzi wangu wa miaka mitano. Skrini ikawaka: 108/56. Mpole akafunga mkanda mkono wa pili, akapuliza, akasikiliza: 182/90.

Akapima tena. 182. Akanigeukia. "Dada mkubwa, nifuate ipi? Daktari ameagiza tufuate laini."

Daktari, yaani Rula, alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Nikasema, "Mkanda. Huyu namfahamu mwenyewe, hajawahi kuwa mia na nane maisha yake." Nikaushika mkanda mwenyewe, nikapima kwa sikio langu. 182, wazi kabisa, pigo baada ya pigo. Siku zote naliamini sikio hili kuliko macho.

Mpole akabaki kasimama, mikono nyuma. Basi nikafungua kibanio mimi. Nilikishusha kihisio kwenye stendi, shibiri moja, skrini ikapanda hadi 123. Nikakishusha tena, karibu na mguu wa kitanda, ikasoma 141, na mrija haukuwa na urefu wa kwenda chini zaidi. Nikamwambia Mpole, "Unaona? Inapanda. Ilikuwa imewekwa vibaya."

Akampigia simu daktari wa zamu. Nilimsikia akisema, mkanda 182, laini 141 na inapanda, mgonjwa anasubiri upasuaji. Daktari wa zamu akaagiza ile dawa ya kushusha presha, ya kwenye dripu. Mpole akaifungua. Nilimshika mama mkwe mkono, nikamwambia sasa utatulia.

Nusu saa baadaye aliniita jina la dada yake aliyefariki zamani. Nikadhani ni usingizi. Kisha nikahisi kiganja chake kimekuwa baridi na kimelowa. Skrini 98. Nikapuliza mkanda. 151. "Inashuka vizuri," nikasema. Nilisema hivyo, na Mpole ni shahidi.

Rula aliingia akiwa bado na kofia ya upasuaji. Hakuangalia skrini kwanza, alimwangalia mama. Akagusa paji la uso wake, akafunua shuka akaona mfuko wa mkojo mkavu. Ndipo macho yake yakafuata mrija, kutoka mkononi hadi chini kabisa ya stendi. Akapiga goti, akakifungua kihisio, akakipandisha hadi usawa wa moyo wa mama.

Namba ikashuka mbele ya macho yangu. Tisini. Themanini. Ikasimama kwenye 64.

Rula alikuwa tayari amefunga dawa, ameachia maji, ameinua miguu ya mama, anamwagiza Mpole hili na lile kwa sauti ya chini. Mimi nilisimama na mkanda mkononi. Sikuweza hata kuuweka chini.

Ilichukua saa nzima. Ilipofika 105 mama alifumbua macho akaniuliza kwa nini nimevaa gauni lile hospitali.

Baadaye Rula aliniita kwenye kitanda cha mama. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Akasema, "Puliza mkanda hadi usisikie kitu." Nikapuliza hadi mia mbili na kumi. Kimya kabisa. "Sasa mshike hapa, kwenye kifundo cha mkono. Hakuna damu inayopita. Mshipa unatakiwa kulala, usiuhisi." Nikaweka vidole. Mshipa ulikuwa pale, mgumu, unateleza chini ya vidole kama mrija wa plastiki.

"Mishipa yake imekakamaa," akasema. "Mkanda unahesabu nguvu ya kuukandamiza mshipa. Kwake nguvu hiyo yote inaliwa na ugumu wa mshipa wenyewe, damu ndani haina presha hiyo." Akanionyesha picha ya eksrei ya nyonga. Kando ya mfupa uliovunjika, mishipa ilionekana kama mistari miwili myeupe. Mshipa wa kawaida hauonekani kwenye eksrei.

Mkono ule nimeushika kila wiki kwa miaka sita. Sijawahi kuuhisi. Nilikuwa nasikiliza.

Jumapili, 20 Aprili

Bila dawa yoyote, laini 128/62. Mkanda 190. Vitu viwili hivyo viko kwenye mwili mmoja, dakika moja. Nimevitazama siku nzima.

Jumatatu, 21 Aprili

Amepasuliwa. Rula ndiye aliyemlaza na ndiye aliyemwamsha. Mume wangu nimemweleza kila kitu ukumbini, hadi kile cha kushusha kihisio kwa mkono wangu. Alikwenda dirishani, akasimama huko hadi mvua ilipoacha, akarudi akakaa kiti cha mbali.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwandikia metroni maelezo. Nimeandika kwamba Mpole aliuliza, na kwamba ni mimi niliyeshika kihisio. Metroni ameniondoa wodini hadi kikao.

Nimeomba kitu kimoja, nikabandue zile plasta mwenyewe. Nilizibandua mbele ya wauguzi wote, kitanda kimoja kimoja. Zimekaa miaka hadi zimeacha gundi kwenye chuma, ikabidi nisugue kwa spiriti. Rula alipita akachukua kitambaa cha pili, akasugua na mimi. Nilimwita majina mengi mtu huyu, na leo nayameza yote.

Jumapili, 27 Aprili

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Nilikaa nalo jikoni mchana kutwa.

Kizunguzungu, kizunguzungu, kizunguzungu. Nimekiandika kwa mzaha. Halafu zile wiki mbili za Machi: kafagia ua, kamkaripia mwanawe, katembea bila fimbo. Nikasifu dawa ya nne. Na dawa ya nne ilikuwa kwenye udongo wa chungu, pamoja na zile tatu. Alipona kwa sababu alikuwa hamezi. Mimi nikachimbua ugonjwa wake kwa kijiko nikamrudishia mdomoni, nikamwambia anyanyue ulimi.

Yote yameandikwa hapa, kwa mwandiko wangu, siku kwa siku. Sikuhitaji mrija kwenye mshipa wa mtu. Nilihitaji kuamini mtu anayenisemesha.

Alhamisi, 1 Mei

Mama anasimama kwa kutumia fremu. Hatua nne. Kikao kimenipa onyo na miezi sita bila kufundisha mtu. Nilitegemea zaidi, na nadhani nilistahili zaidi.

Nimemuuliza Rula, sasa bila laini tutaijuaje presha yake? Akasema, "Msimamishe. Muulize anajisikiaje. Akisema kizunguzungu, amini." Kisha akaongeza kwa ukali kidogo, "Na usitoke hapa ukaanza kuwaambia watu watupe dawa zao. Kwa wengi mkanda unatosha, na presha inaua kweli. Lakini mzee ambaye namba yake haishuki kwa dawa tatu na anaanguka kila akisimama, huyo nitumie. Huyo usimwandikie kikaratasi."

Jumamosi, 10 Mei

Mama karudi nyumbani juzi. Mvua imekatika, jua limetoka, na leo majirani walikuja kama kawaida. Nimewaambia sipimi leo, wakaondoka wakinung'unika.

Sikuwa nimemwambia. Mwanawe alikuwa ameniachia mimi kazi hiyo, na nilikuwa naikimbia. Nimevuta kigoda nikakaa mbele yake, chini ya macho yake, nikamwambia yote. Kwamba presha ile haikuwapo. Kwamba vidonge ndivyo vilivyomwangusha. Kwamba hata pale hospitali, alipokuwa ananiita kwa jina la dada yake, ni mkono wangu ulioshusha kihisio. Nimesema, "Mama, uliniambia, sikukusikia. Nisamehe."

Nilitegemea mdomo ule wake. Badala yake alinyoosha mkono, ule ule nilioufunga mkanda miaka sita, akaniwekea begani, ukawa mzito.

"Mimi nipo," akasema. "Mimi nimepona, mwanangu. Na wale wengine?"

"Wengine gani, mama?"

"Wa kibarazani. Wazee wenzangu. Wale wa vikaratasi."

Kwa wiki tatu nilikuwa nawaza mkono mmoja tu.

"Wataje," akasema. "Wewe ulikuwa unapima, mimi nilikuwa nawapanga. Tukumbushane."

Nikaanza na wale wa namba zisizoshuka. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona.

"Yupo. Siku hizi anatembea kwa kushika kuta."

Mama mwenye duka la vifaa.

"Yupo. Alianguka mwezi wa pili, akaficha watoto wasijue."

Yule bibi wa geti la kijani, mjane, aliyekuwa anakuja na kiti chake mwenyewe. Nilimwandikia vikaratasi vitatu mwaka mmoja.

Mama aliangalia barabarani.

"Huyo alianguka bafuni, mwaka juzi," akasema. "Tulimzika Jumanne. Watoto wake walikuuliza imekuwaje, ukawaambia ni presha, mama yenu alikuwa hamezi dawa vizuri."

Ni kweli niliwaambia. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema hivyo, na binti yake mkubwa akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru.